Meli Niliyoiita Mara Tatu

Mwezi uliopita nilifungua boksi la pasi mpya, hapa Arusha ninakoishi, na harufu iliyotoka ndani ikanikalisha kitini. Ilikuwa harufu ya karatasi ngumu na plastiki ambayo haijaguswa na mkono wa mtu, yenye ukali kidogo mwishoni, kama rangi ya viatu. Mume wangu akaniuliza kama pasi imekuja na hitilafu. Nikamwambia hapana, nimekumbuka vita. Akanitazama, akaenda zake kunywa chai, nami sikumlaumu, kwa sababu vita yenyewe ilipiganwa juu ya meza ya kulia chakula, nyumbani kwetu Qurus, kijiji cha Karatu, kati ya sahani ya karanga na Biblia ya mama, na mpaka leo sina hakika kama niliielewa.

Baba alikuwa mpishi katika loji moja ya watalii kule juu hifadhini, ukingoni mwa kreta. Alikuwa akirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, sweta lake likinuka vitunguu na moshi wa kuni, na mfukoni daima alikuwa na kitu alichoachiwa na wageni: kofia, betri, mafuta ya kujipaka jua lisiunguze, ambayo mama aliyatumia kulainisha bawaba za mlango. Safari moja alishuka na boksi kubwa amelipakata kama mtoto mchanga. Alisema mzee mmoja mgeni alikuwa amelileta kutoka kwao kwa ajili ya wajukuu aliosafiri nao, wajukuu wakalidharau, naye akampa baba kwa hasira.

Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi nyeusi, pana kuliko meza, imejaa vidoti vyeupe. Mlikuwa na dadu nne, vimeli vya plastiki vya kijivu na vya bluu, na kitabu cha maelekezo kinene, chote kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa darasa la tano. Dada yangu Fausta alikuwa kidato cha pili, kwa hiyo kitabu kilikuwa chake moja kwa moja. Alikaa na kamusi jioni tatu, kisha akatusomea kwa ile sauti yake ya kusomea somo la kwanza kanisani.

Nasema akatusomea, kwa sababu tulikuwa wawili. Nashipai alikuwa akiishi kwetu mwaka ule. Baba yake alikuwa mfugaji Mmaasai wa Nainokanoka, kule juu hifadhini, rafiki wa baba tangu siku nyingi, na kwa kuwa boma lao lilikuwa mbali sana na shule, wazee hao wawili walikubaliana asome kwetu. Tulilala kitanda kimoja na kukaa dawati moja. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mkimya kuliko mimi, na hesabu alinizidi kwa mbali.

"Hizi ni manowari," Fausta alitangaza.

"Za wapi?" nikauliza.

"Za angani. Ni jeshi la wanamaji la nyota."

Nashipai akainamia ile karatasi nyeusi akaitazama kwa makini. "Maji yako wapi?"

Fausta alifungua kamusi, akaifunga, akasema kwamba katika kitabu hiki mbingu ndiyo bahari yao. Hatukuwa tumewahi kuona bahari, hakuna hata mmoja wetu, kwa hiyo tulikubali.

Lililotushinda ni majina. Mtu aliyetunga mchezo ule alipenda majina kuliko vita. Upande mmoja, wa meli za bluu, ulikuwa Serikali ya Miezi Saba, miezi ya angani, si ya kalenda. Kabla ya hapo iliitwa Serikali ya Muda, kisha Serikali ya Kudumu. Ile ya Muda ilidumu miaka mia mbili, na ile ya Kudumu ikaanguka kabla hatujafika mwisho wa ukurasa. Kila serikali ilipobadilisha jina, meli zote nazo zilibadilishwa majina, na mimi nilikuwa nauliza kila mara: je, ni meli ile ile? Fausta alinijibu ni ile ile. Basi mbona inaitwa vingine? Kwa sababu serikali imebadilika. Na waliomo ndani wamebadilika? Hapo Fausta alikuwa akinitisha kwamba atanitoa mchezoni.

Manowari kubwa za Miezi Saba ziliitwa kwa majina ya tabia njema: Subira, Haki, Uaminifu. Za kati ziliitwa kwa majina ya mito, na ndogo kwa majina ya ndege. Nilishindwa kuelewa ni kwa nini Subira ndiyo iliyokuwa na mizinga mingi kuliko zote. Tena, meli zilizofanana ziliwekwa katika kundi lenye jina la meli ya kwanza kujengwa, Fausta akaliita ukoo, kwa hiyo Uaminifu alikuwa wa ukoo wa Subira, ingawa Subira mwenyewe alikwishalipuliwa zamani sana. Nilimwonea huruma Uaminifu, nikamwona kama yatima anayetembea na jina la watu.

Upande wa pili, wa kijivu, uliitwa Dola ya Nje, na sheria zake zilikuwa tofauti kabisa. Fausta alizisoma wakati mimi nahesabu vidoti vyeupe, kwa hiyo sikuzisikia. Nakumbuka tu kwamba alipomaliza, Nashipai alivuta vimeli vyote vya kijivu upande wake na kusema, "Hawa wana akili. Mimi nitakuwa hawa."

Majina ya kwenye kitabu yalitushinda kutamka, tukaweka yetu. Mito yangu ikawa Qurus, Rhotia na Mbulumbulu, ambayo si mito, lakini Fausta alisema kule angani hawatajua. Nashipai aliziita meli zake kwa majina ya ng'ombe wa baba yake, Narok ile nyeusinyeusi, Naibor iliyokuwa imepauka, na alikuwa akizisogeza kwa kidole kimoja huku akitoa mluzi mdogo kwenye meno. Mama alikuwa akipita na ungo wa mbaazi, anasimama, anatazama, anatikisa kichwa. "Watu wa Karatu na manowari," anasema, anaendelea na mbaazi zake.

Nashipai alikuwa na kaka. Ndiye aliyekuwa akimleta shule zinapofunguliwa, na sanduku lake la bati alilibeba begani kama vile ni kikapu cha mayai. Alikuwa kijana mrefu, morani, mwenye shuka jekundu lililopauka mabegani. Alikuwa hakubali kiti. Alikaa kizingitini, akanywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, akatutania kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na mimi nilimpenda kwa namna ambayo mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kuieleza. Nilikuwa nikiwahi kumpelekea kikombe kabla Fausta hajafika. Safari ya mwisho alitukuta mezani. Akainuka kizingitini, akaja kusimama nyuma ya dada yake, akazitazama meli kwa muda mrefu.

"Hizi zinachungwa au zinapigana?" akauliza.

"Zinapigana," nikasema.

"Bora zingechungwa," akasema, na tukacheka wote, hata mama jikoni.

Katikati ya muhula, baba yake Nashipai alikuja mwenyewe, asubuhi, bila taarifa. Alizungumza na mama nje, karibu na tangi la maji. Kaka alikuwa amekutana na nyati njiani akitoka malishoni. Nashipai aliondoka na baba yake saa ile ile, amevaa sare ya shule, na daftari lake la sayansi likabaki wazi mezani.

Alirudi baada ya wiki tatu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba, na masikio yake yalionekana makubwa na ya baridi. Mama alituita mimi na Fausta jikoni. "Msimuulize chochote," alisema. "Akitaka kusema, atasema." Basi tukasubiri. Nashipai alikula, alisoma, alifua, alinizidi tena hesabu, wala hakusema neno juu ya kaka yake. Usiku nilimsikiliza kama analia, alikuwa halii. Nilichanganyikiwa. Bibi yangu mzaa baba alipofariki nyumba yetu ilijaa jina lake kwa mwezi mzima. Watu walilitaja wakilia, wakalitaja wakicheka, likasomwa misani, na mimi mwenyewe, Paskalina, nilikuwa nimepewa jina hilo hilo. Nilidhani Nashipai anataka kusema na amekosa mlango. Nikaona ni juu yangu kuutafuta.

Mlango nikauona kwenye kile kitabu. Ilikuwa Jumamosi, Fausta anafua nguo nje. Nilifungua kurasa za Miezi Saba na Kiingereza changu cha darasa la tano. Katika sentensi moja ndefu nilijua maneno manne: jina, aliyeanguka, mpya, na mara tatu. Nikayaunganisha. Jina la shujaa aliyeanguka hupewa meli mpya, na meli hiyo inapoingia vitani kwa mara ya kwanza, jina huitwa mara tatu kwa sauti, jeshi zima limesimama. Nilikuwa nimeelewa sawasawa. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: ndiyo sentensi pekee katika kitabu kile niliyoielewa bila kusaidiwa.

Nikachukua meli yangu kubwa kuliko zote, ile Uaminifu. Nikakata kipande cha karatasi ya daftari, nikaandika jina la kaka yake Nashipai kwa herufi kubwa, nikalibandika ubavuni kwa uji mzito wa unga wa ngano. Jina hilo sitaliandika hapa, na mkivumilia kidogo mtajua sababu.

Baada ya chakula cha mchana tukakaa mezani. Nilimsogezea Nashipai ile meli kwa mikono miwili.

"Hii ni yako," nikamwambia. "Nimekupa kabisa." Kisha nikasimama wima, mikono imenyooka kama tunavyosimama kuimba wimbo wa taifa, nikaliita jina. Mara ya kwanza Nashipai aliinua uso. Mara ya pili alikuwa ameziba masikio. Mara ya tatu nilipaza sauti zaidi, kwa sababu niliona hasikii.

Hakupiga kelele. Aliondoa mikono masikioni, akaweka viganja mezani, akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Kisha akatoka nje.

"Wewe, umefanya nini?" Fausta akauliza.

"Nimempa heshima."

"Heshima gani hiyo ya kumfukuza mtu?"

Tulidhani amekwenda chooni. Baadaye tukadhani amekwenda dukani. Mama alipoingia chumbani akaona shuka lake halipo na sweta halipo, alitoka akiwa ameshika shingo yake mwenyewe. Aliniuliza nini kimetokea, nikamweleza, na nilipofika kwenye jina nikalitaja tena, na mama akaniwekea mkono mdomoni. Yeye naye hakuwa anajua sababu. Alikuwa anabahatisha tu, lakini alikuwa anabahatisha vizuri kuliko mimi.

Alimpigia baba simu. Baba alisema neno moja: "Getini." Alikuwa anajua kwamba mtoto yule akiondoka ataelekea kwao, na kwao ni juu, kupita mjini Karatu, kupita mashamba ya kahawa, kupita geti la hifadhi, halafu msitu wenye nyati na chui. Mama aliacha maharage jikoni, akamwachia Fausta nyumba. Jirani yetu alikuwa na pikipiki. Tukapanda mshikaki, mimi katikati, pua yangu kwenye koti la jirani, na mama nyuma akisali rozari bila rozari. Nilikuwa nikihesabu wanyama niliowahi kusikia wamemuumiza mtu, na kila nilipomaliza nilianza upya.

Mjini tuliuliza kwa wauza karoti, tukauliza kituo cha mafuta. Dereva mmoja wa magari ya utalii alisema amepita mtoto mwenye sweta la shule, anatembea haraka, hakutaka lifti. Tulimkuta mbele ya nyumba za mwisho, pale mashamba ya kahawa yanapoanza. Alikuwa amekaa juu ya kalavati, viatu mkononi, kisigino kimoja kimechubuka na kuvuja damu. Jua lilikuwa bado kali.

Mama hakumgombeza. Alikaa naye kwenye saruji mpaka mimi nikaona aibu kusimama, nikakaa upande wa pili.

"Ulikuwa unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, yeyo," Nashipai alisema. Hakuwa amewahi kumwita mama kwa neno hilo, ambalo ni mama kwa lugha yao; nadhani lilimtoka tu. "Nakwenda kumwambia baba kwamba ameitwa."

"Nani ameitwa?"

Akaninyooshea kidole bila kunitazama. "Huyu amemwita. Kwa jina. Mara tatu." Kisha akatazama barabara iendayo kwao. "Sasa akisikia? Atakuja, na sisi tumeshanyoa. Atakaa wapi?"

Nawaambia ukweli: papo hapo sehemu fulani ya moyo wangu iligeuka kutazama barabara, kama nitaona shuka jekundu lililopauka. Nilianza kulia. Nikasema kwetu jina la aliyefariki hupewa mtu, hata mimi nimepewa la bibi, na kitabu kimesema hivyo hivyo.

Nashipai akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Na bibi yako hakasiriki?"

"Sijui," nikasema. "Hajaniambia."

Aliwaza jibu hilo kwa makini, kama swali la hesabu. Mama akatoa kanga yake begani, akakifunga kile kisigino.

"Nifundishe," mama akamwambia. "Mimi ni mtu mzima, lakini hili silijui. Kwenu mkitaka kumkumbuka mtu, mnasemaje?"

"Hatulitaji jina. Limelala naye."

"Hata nyumbani, nyinyi wenyewe?"

"Hata nyumbani."

"Haya," mama alisema. "Basi na kwangu halitatajwa." Na halikutajwa, si siku ile wala baadaye, na mama ni mwanamke anayetaja majina ya marehemu wake wote kila Novemba kwenye misa ya marehemu bila kuruka hata mmoja.

Jioni ile mama alibandua karatasi kutoka kwenye meli, akaitia motoni, na maharage yakaendelea kuchemka juu yake. Baba alizungumza na baba yake Nashipai kwa simu. Mzee alisema mtoto hakujua, basi, na akauliza ng'ombe wetu mmoja aliyekuwa mgonjwa siku zile anaendeleaje. Nilitamani angekasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na huruma ile sikujua niiweke wapi.

Siku chache baadaye Fausta aliniita. Alikuwa amerudia kusoma zile kurasa nisizozisikiliza, za Dola ya Nje. Meli yao ikipotea, alisema, jina lake hufutwa katika orodha zote. Halipewi meli nyingine kamwe, wala nahodha hatalitamka. Waliosalia huacha nafasi wazi katika msafara, mahali ile meli ilipokuwa ikienda, na kusonga mbele hivyo hivyo, na pengo lao. Nashipai aliisikia sheria hiyo tangu siku ya kwanza, wakati kaka yake yuko hai anakunywa chai kizingitini, akajiona yuko kwao. Mimi nilikuwa nahesabu vidoti.

Tulicheza tena, baada ya mwezi hivi. Yeye ndiye aliyelitoa boksi. Hatukusema samahani nyingi. Alinipiga vibaya sana mchezo ule, na mluzi wa kwenye meno ulikuwa umerudi.

Sasa Nashipai ni mwalimu huko huko Nainokanoka. Mwaka juzi nilimtembelea kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Baridi ya kule ilinitoa machozi. Mama yake alikuwa hai, mzee, macho yamefifia, na aliponishika mkono alisema kitu kwa Kimaasai ambacho Nashipai hakukitafsiri mara moja.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama wewe ndiye uliyemwita."

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wawili, na nilihisi tena ile saruji chini ya mapaja. Nikasema, "Ndiyo, yeyo. Ni mimi."

Yule mama aliendelea kunishika mkono. Alisema, Nashipai akitafsiri, kwamba walipoletewa habari ile alikasirika siku nyingi. Kisha akaanza kujiuliza, ni mtoto gani huyo wa kule chini, si wetu, aliyempenda mwanangu hata akampa kitu chake kikubwa kuliko vyote? Halafu akauliza meli ni nini. Nashipai alijaribu kumweleza meli, bahari, na nyota, yote kwa pamoja, akashindwa, tukacheka mpaka mbuzi nje wakashtuka.

Kisha mama yake akaanza kuzungumza juu ya mwanawe. Alizungumza tangu chai ya kwanza mpaka maziwa ya jioni yalipoletwa: alivyozaliwa miguu mbele, alivyoogopa kuku akiwa mdogo, alivyobeba sanduku la bati la dada yake akakataa kusaidiwa. Mtoto yule niliyekuwa zamani alidhani kwamba kunyamazia jina ni kumsahau mtu, na hofu ile ya kumsahau ndiyo iliyomsimamisha mezani kupaza sauti. Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini nilipokaa kwenye kigoda kile, karibu na moto, nikimsikiliza mama akimsimulia mwanawe saa nyingi bila kulitaja jina lake hata mara moja. Alisema tu "yeye". Na kila aliposema, sote tuliokuwa ndani tulikuwa tunamwona.